Ngozi "iling'arishwa", "ilisafishwa" au ilifanywa angavu?

Swali: Naandika makala kuhusu watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambao mwaka 2024 walipaka panya hai rangi ya chakula, viungo vya ndani vikaonekana kupitia ngozi. Niliandika "ngozi iling'arishwa"; mhariri amebadili kuwa "ilisafishwa". Lipi sahihi?

Jibu: Yote mawili yatampotosha msomaji. Kung'arisha ngozi, masikioni mwa wengi, ni kuipaka krimu iwe nyeupe. Kusafisha ndiko kubaya zaidi, kwa sababu katika jaribio hili ngozi ilipooshwa kwa maji, rangi ilitoka na hali ile ikatoweka. Andika "ilifanywa angavu". Na kwa kuwa angavu pia ni -enye kung'aa, mara ya kwanza ongeza "yaani yenye kupitisha mwanga".

Epuka pia "kama kioo". Kioo ni cha dirisha, lakini pia ni cha kujitazamia, na hicho hurudisha mwanga badala ya kuupitisha. Isitoshe, ngozi ile ilibaki na wekundu.

Vitenzi navyo vichunge: mwanga hupenya, ngozi hupenyeka, mtafiti hupenyeza rangi. Tofauti ni silabi moja tu, ila kila neno lina mtendaji wake.

"Ngozi huzuia mwanga" si kosa, lakini haielezi kitu. Kwa mwanga mwekundu, tatizo kubwa si kufyonzwa bali kutawanywa. Maji ya kwenye tishu hupinda mwanga kwa kiwango cha takriban 1.33, mafuta na protini takriban 1.45, kila mwanga unapovuka kutoka kimoja kwenda kingine hukengeuka, kama unavyofanya katika ukungu. Tatrazini, ile rangi ya chakula ya manjano waliyoitumia, hufyonza sana mwanga wa buluu, na kwa sababu hiyohiyo huinua kiwango ambacho maji hupinda mwanga mwekundu. Pengo kati ya maji na mafuta au protini hupungua, mtawanyiko nao hupungua. Kwa hiyo tenga daima "kufyonza" na "kutawanya"; ukivichanganya, maelezo yote yanaanguka.

Usiseme "rangi kidogo": mmumunyo ulikuwa wa takriban molari 0.6, sawa na gramu 320 hivi kwa lita, nao ulisuguliwa ngozini, maana tabaka la juu haliruhusu rangi kuzama kirahisi. Tena taja "ngozi ya panya" kila inapohitajika. Ya binadamu ni nene zaidi, na jaribio hilo halikufanywa kwa watu.

Sentensi yako basi iwe: "Ngozi ya panya ilifanywa angavu kwa kupenyezwa tatrazini, mwanga mwekundu ukapenya bila kutawanyika sana."