Jezi ya kijani bila kushinda hatua: Erik Zabel aliwezaje?

SWALI: Kocha, nimeanza kufuatilia mbio za baiskeli za Tour de France tangu Mwaeritrea Biniam Girmay achukue jezi ya kijani mwaka 2024, akiwa ameshinda hatua 3 (hatua ni mbio za siku moja). Nasikia Mjerumani Erik Zabel aliichukua mwaka 1998 na 1999 bila kushinda hata hatua moja. Inawezekanaje?

JIBU: Jezi hiyo ni ya pointi, haihesabu ushindi. Enzi za Zabel, wa kwanza kwenye hatua ya tambarare alipata 35, wa pili 30, wa tatu 26. Njiani nako kulikuwa na mistari ya kugombea pointi 6, 4 na 2. Piga hesabu: anayemaliza wa pili, tena aliyeongoza kwenye mistari miwili ya njiani, anaondoka na 42. Mshindi wa siku aliyeipuuza mistari hiyo ana 35 zake tu.

Hesabu ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kufika Paris, mbio zilikoishia, maana anayejitoa hupoteza pointi zake zote. Mwaka 1999 Mwitaliano Mario Cipollini alishinda hatua 4 mfululizo, kisha akajitoa bila kufika Paris. Wenye kasi ya mwisho kwa kawaida ni watu wa misuli, na mlimani huumia. Zabel aliumia pia, lakini alistahimili kuliko wengi wao. Ushahidi ni Milan–San Remo, mbio za karibu kilomita 300 zenye kilima cha Poggio karibu na mwisho: alizishinda mara 4.

Tena hakukata tamaa mapema. Mwaka 2001 alimpita Mwaustralia Stuart O'Grady siku ya mwisho kabisa, 252 kwa 244. Hiyo ilikuwa ya 6 mfululizo; rekodi yake ya jezi 6 ilidumu hadi Mslovakia Peter Sagan alipofikisha ya 7 mwaka 2019.

Siwezi kumsifu nikaishia hapo. Mwaka 2007 alikiri kutumia EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, mwaka 1996, na mwaka 2013 akakiri kwamba matumizi ya dawa yaliendelea kwa miaka. Ustahimilivu wa milimani ninaousema hapo juu, basi, upime mwenyewe.

Kwa kanuni za mwaka 2024, za Girmay, njia hiyo ilikuwa nyembamba zaidi. Mshindi wa hatua ya tambarare alipata 50, wa pili 30, na mstari wa njiani ulikuwa mmoja tu, wa pointi 20 kwa wa kwanza. Aliyeuongoza huo kisha akamaliza wa pili alimfikia tu mshindi aliyeupuuza, hakumpita.