Kwa mnaoanza kuandika hadithi za usaliti: anzeni kesho yake asubuhi

Mezani kwangu hadithi za usaliti wa ndoa hazikauki. Katika kila miswada kumi ya waandishi wanaoanza, mitatu au minne huwa ni ya namna hiyo, na karibu yote inaishia mahali pamoja: mke kasukuma mlango wa gesti, mume kajiviringisha shuka, mwanamke mwingine kajibanza nyuma ya pazia, majirani washajaa koridoni. Mwisho. Mwandishi anaona kazi kaimaliza.

Wadogo zangu, hapo ndiyo kwanza inaanza.

Nasema hivi kwa sababu nami nilianzia huko huko. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa na mwanamke mmoja mkorofi, kajaa manukato, hana kwao wala shughuli isipokuwa kuwinda waume za watu. Nilimpa shangazi yangu aisome. Alisoma yote, akavua miwani, akaniuliza: "Mwanangu, huyu dada halipi kodi? Hana mama? Siku ya Idi anakula na nani?"

Sikuwa na jibu. Lile swali la Idi limenifaa kuliko semina zote nilizokaa. Hebu mfikirieni siku hiyo: kapika pilau, kavaa, mtu wake yuko kwa familia na simu kaizima. Jirani anagonga na sahani ya biriani, anachungulia ndani, anauliza, "Mgeni hajafika?" Hapo mtu anaumia bila kupigwa kofi hata moja.

Tazameni na maneno yetu. Tanzania tunasema mchepuko au nyumba ndogo, Kenya wanasema mpango wa kando. Maneno yote hayo yamesemwa na mtu aliyesimama upande wa nyumba kubwa. Ukimwita mhusika "mchepuko" kila ukurasa, umeshamhukumu kabla hajafungua mdomo. Mpe jina.

Sheria imemfikiria kuliko waandishi wengi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamruhusu mume au mke kudai fidia ya ugoni kwa aliyezini na mwenzake. Lakini mdaiwa akiiridhisha mahakama kwamba hakujua yule ni mke au mume wa mtu, na hata angejitahidi kuchunguza asingejua, madai yanaanguka. Basi muulize mhusika wako: ulijua? Lini? Na ulipojua, ulikaa siku ngapi ukijifanya hujui? Hizo siku ndizo zenye hadithi, ziandikeni.

Nije kwa mtoto, maana ndiye anayesahauliwa kuliko wote. Waandishi wengi humtoa chumbani tu alie, kisha wakamrudisha. Mimi napenda mtoto anayejua kabla ya mama. Chukua mvulana wa miaka kumi na moja anayecheza gemu kwenye simu ya baba. Inaingia meseji ya LUKU: tokeni za umeme. Nyumbani kwao tangu jana usiku ni giza, mama anasonga ugali kwa mwanga wa tochi, kwa hiyo anakimbia kwenye mita kwa furaha, anabonyeza tarakimu zote ishirini, mita inakataa. Anarudia. Inakataa. Ndipo anasoma meseji vizuri na kuona namba ya mita si ya kwao. Baba akitokea anamkuta kasimama pale. Anampa elfu mbili, "kanunue soda", hasemi kingine.

Sasa mtoto ana elfu mbili na siri. Ataila hiyo soda? Mama akimuuliza kapata wapi hela? Mwaka ujao yule mvulana atakuwa anamjibu vibaya mama yake, mama asiyemkosea kitu, na hakuna mtu nyumbani atakayejua kwa nini. Hamuhitaji fumanizi.

Kama hamjasoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980, itafuteni. Fumanizi limo, tena la aibu kubwa: Kazija, mwanamke anayetembea na baba na mwana, anapanga Maksuudi na mwanawe Mussa wakutane nyumbani kwake. Ila riwaya haikukomea hapo. Inamfuata Bi Tamima, mke wa Maksuudi, na talaka yake, inamfuata Maimuna, binti aliyefungiwa ndani kwa ajili ya heshima ambayo baba mwenyewe hakuwa nayo, hadi anapotumbukia huko alikotumbukia. Soma ukihesabu nani alifanya na nani analipa.

Mume sina mengi ya kumsema. Asiwe shetani, basi. Shetani hana anachopoteza, na msomaji hawezi kumwogopea. Mke aliyesalitiwa nanyi mnamfanya malaika, mnamkosea. Mwacheni awe na roho ya kisirani siku nyingine, amkaripie dada wa kazi aliyekuwa anajua akanyamaza, amchukie shoga aliyemletea habari kuliko hata aliyemsaliti. Dada wa kazi naye mtazameni: alinyamaza kwa sababu mshahara wake unatoka mfukoni mwa nani?

Basi chukua muswada wako, kata kurasa za gesti, ziweke kando. Anza alfajiri inayofuata. Nani anawasha jiko, nani kalala sebuleni, na dada wa kazi akifika kabatini anatoa vikombe vingapi.