Nyumba ya baba Buruburu haina mtu, mbona kaunti inatudai?

Swali: Habari wakili. Baba alifariki 2019 akatuachia nyumba Buruburu. Mpangaji wa mwisho alihama miaka miwili iliyopita, na tangu hapo imefungwa, hata stima tulikata. Sasa nimepata bili ya ada ya ardhi: mwaka huu shilingi 9,200, malimbikizo na riba 187,000. Thamani ya kiwanja wameandika milioni 8. Naweza kuipinga kwa sababu hakuna anayeishi humo na hatupati kodi?

Jibu: Pole sana dada, kwa msiba na kwa mzigo huu. Hoja ya nyumba tupu haitakusaidia, na afadhali uijue leo kabla hujapoteza siku nzima kwenye foleni City Hall, makao ya kaunti. Katiba, kifungu cha 209, inaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali, ndiyo hiyo ada ya ardhi kwenye bili yako, na Nairobi huitoza juu ya kiwanja, si juu ya jengo. Mthamini huitazama ardhi kana kwamba haijajengwa kitu. Jirani aliyeongeza orofa mbili na wewe uliyefunga mlango, viwanja vikilingana, bili zenu hazitapishana sana. Deni nalo hukaa juu ya ardhi, kwa hiyo kifo cha mzee hakikulifuta.

Hiyo 9,200 usiipinge. Milioni 8 kwa asilimia 0.115, kiwango cha kaunti, inatoa 9,200 kamili. Kuipinga thamani yenyewe ni safari nyingine, yenye muda maalum na mthamini wako wa kumlipa. Kwa kiwanja chako sioni faida.

Pa kupigania ni kwenye 187,000. Kwa ada ya 9,200 kwa mwaka, deni la namna hiyo halikuzaliwa na miaka miwili ya nyumba kufungwa. Lina mizizi ya tangu enzi za mzee, wakati ada ilipokokotolewa kwa thamani za zamani za miaka ya 1980, na huenda sehemu yake alishailipa. Omba taarifa ya akaunti inayoonyesha kila mwaka peke yake: ada, riba, malipo. Usikubali jumla tupu. Ukizungushwa, andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wana siku 21 za kukujibu, na wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Huku ukisubiri, pekua makaratasi ya baba. Wazee wetu walitunza risiti: tazama kwenye bahasha za kaki, kwenye sanduku la chuma, hata ndani ya Biblia. Niliwahi kushika faili la familia iliyodaiwa miaka sita. Mtoto wao alikuwa akilipa kila Machi bila kukosa, ila kwenye fomu ya benki aliandika kiwanja kinachoishia 86 kama 68. Pesa zote zilikuwa zimeingia kwa mtu mwingine. Tulipoweka risiti kando ya hatimiliki, kosa lilionekana kwa macho. Kwa hiyo fanya sachi ya ardhi, yaani upekuzi wa rekodi za kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, kisha linganisha nambari ya kiwanja na ukubwa wake na ilivyoandikwa kwenye bili, tarakimu kwa tarakimu.

Angalia pia kama risiti unayoshika ni ya kaunti kweli. Kiwanja cha lisi, yaani kilichokodishwa na serikali kwa miaka maalum, hulipiwa pia pango la ardhi kwa serikali kuu, na nimeona watu wengi wakidhani wamelipa kaunti kumbe walilipa pango.

Ukipata kosa, andika barua ya pingamizi ukitaja mwaka na kiasi unachokataa, ambatanisha nakala za risiti, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokewa. Bila muhuri, hesabu kwamba hukupeleka kitu. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi. Hiyo ni haki yako chini ya kifungu cha 47 cha Katiba. Aliye na barua za usimamizi wa mirathi ndiye atie sahihi, la sivyo watakurudisha mlangoni.

Ada ya mwaka huu ilipe kabla ya 31 Machi ili isizae riba mpya, na ueleze kwa barua kwamba malipo ni ya mwaka huu, isije ikamezwa na malimbikizo unayoyapinga. Kitakachobaki kuwa deni halali, omba kukilipa kwa awamu. Kaunti imewahi zaidi ya mara moja kusamehe riba kwa wanaomaliza deni la msingi, basi fuatilia matangazo yake kabla hujalipa riba yote.

Nyumba kuwa tupu kuna maana kwa KRA tu, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Kama mlikuwa mkilipa kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, miezi isiyo na mpangaji wasilisha ritani ya sifuri, yaani taarifa kwamba hamkupata kodi yoyote, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Msipofanya hivyo mtatozwa faini ya kodi ambayo hamkuwa mkidaiwa.