Unaanza jazi? Chukua Alfie ya Sonny Rollins

Wanaoniuliza waanzie wapi na jazi huwa nawajibu hivi: tafuta albamu ya mpuliza saksafoni yenye muziki wa sinema. Muziki wa sinema hauna muda wa kubembeleza sikio. Melodi huwa fupi na inaimbika, hivyo mpulizaji anapoanza kuizungusha, msikilizaji mgeni hapotei.

Mimi ningekupa Alfie ya Sonny Rollins. Filamu ni ya Uingereza, 1966, Michael Caine akiwa kijana wa London asiyetulia na mwanamke mmoja. Rollins alipiga muziki wa filamu kule London na wanamuziki wa huko. Kisha, Januari 1966, akaurekodi upya katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey, Oliver Nelson akipanga ala na Kenny Burrell akishika gitaa. Albamu ikatolewa na kampuni ya rekodi ya Impulse. Kwa hiyo huna haja ya kuiona filamu kwanza. Mimi niliiona baadaye na sikupungukiwa na kitu.

Ila usiende ukitafuta ule wimbo wa Burt Bacharach wenye jina hilo hilo, waliouimba Cilla Black na Dionne Warwick. Haumo. Kuna rafiki zangu walioizima albamu kwa sababu hiyo tu, na bado nawasuta.

Ina vipande sita, na ushauri wangu ni usivifuate kwa mpangilio. Sikiliza cha kwanza, "Alfie's Theme", mpaka melodi ikukae mdomoni. Halafu ruka hadi cha mwisho, "Alfie's Theme Differently". Melodi ni ile ile, mavazi mengine. Sasa rudi kwenye cha kwanza umfuatilie Rollins peke yake: anaokota noti chache za melodi, anazirudia, anazikatiza, anazipindua, anaziacha, kisha anazidaka tena pale usipotegemea. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataona kama chemko: mashairi yameisha, sasa ala ndizo zinazosema. Tofauti ni kwamba kwenye chemko gitaa hung'ang'ania rifu moja, yaani kifungu kifupi kinachorudiwa, watu wacheze, na Rollins haachi kitu kikae vile vile.

Tumia hedifoni, tafadhali. Spika ya simu inaimeza besi yote ya Walter Booker, na bila besi hutajua Rollins anakimbia kutoka wapi.

Vipande vya kati vitakuja vyenyewe. "He's Younger Than You Are" ni ya taratibu, ya usiku.

Ukishaizoea, nenda kwa mpuliza saksafoni mwingine, John Coltrane, albamu yake Blue World. Aliirekodi Juni 1964 kwa ajili ya filamu ya Gilles Groulx wa Quebec, studio ile ile ya Van Gelder, lakini albamu ilitoka 2019. Humo "Naima" imepigwa mara mbili na "Village Blues" mara tatu, kwa hiyo zoezi la kulinganisha umeshaandaliwa. Kisha, humo humo, sikiliza "Like Sonny". Sonny anayetajwa ni Rollins.