Uzamivu wa uongozi wa elimu unaongeza nini kwenye sayansi?

Umeuliza kama tasnifu za uzamivu za uongozi wa elimu zinaleta maarifa mapya au ni ngazi ya kupandia cheo tu. Zinaleta, ila si zote. Mfano ninaoupenda ni Philip Hallinger, mtafiti wa uongozi wa elimu. Mwaka 1982, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitengeneza dodoso la kupima jinsi mkuu wa shule anavyosimamia ufundishaji. Haliulizi kama mkuu ni mzuri. Linauliza anafanya jambo fulani mara ngapi, mathalani kujadili matokeo ya wanafunzi na walimu, na walimu nao hulijaza. Kipimo hicho kinatumika nchi nyingi hadi leo.

Mwaka 2011 Hallinger huyohuyo alichapisha tathmini ya tasnifu zaidi ya 100 zilizokitumia, akazikosoa kwa udhaifu wa mbinu. Naamini tatizo bado lipo: kuhamisha dodoso lilelile kwenye wilaya nyingine bila swali jipya si mchango. Mwenye kutaka kuchangia aonyeshe uongozi unapitia wapi, kwa walimu gani na kwa mazingira yapi, hadi umfikie mwanafunzi.