Maswali yenu ya ngumi: nani alikaa kileleni zaidi?

*Kaka, hapa kijiweni tunabishana. Nani alidumu na ubingwa kuliko wote? Wengi wanasema Joe Louis. (Msomaji, Morogoro)*

Hawajakosea. Louis alitwaa ubingwa wa uzito wa juu Juni 1937, akastaafu nao Machi 1949, akiwa ameutetea mara 25. Ila waambie pia kwamba kuanzia Aprili 1942 hadi Juni 1946, kwa sababu ya vita, hakuutetea hata mara moja. Ukiniuliza nani alibaki mkali umri ukisonga, namtaja Bernard Hopkins.

*Hopkins? Yule si alikuwa anachosha kumtazama? (Msomaji, Mombasa)*

Anachosha kweli, na ndipo alipopatia. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1988 baada ya kutoka gerezani, na pambano la kwanza akapoteza. Alipopata mkanda wa IBF (Shirikisho la Kimataifa la Ngumi) uzito wa kati mwaka 1995, aliutetea mara 20 mpaka Jermain Taylor alipomvua ubingwa 2005. Hakujiachia kunenepa kati ya pambano na pambano, na hakukubali kubadilishana makonde ovyo: anakumbatia, anakusukuma, anakuvurugia mpango wako wote. Tafuta pambano lake na De La Hoya, Septemba 2004, raundi ya tisa. Konde moja fupi la kushoto, chini ya mbavu, kwenye ini. De La Hoya anakwenda chini, anapigapiga sakafu ya ulingo kwa glavu, hainuki. Hopkins alikuwa na miaka 39. Akiwa na 46, Montreal, kabla ya raundi ya saba kuanza alijitupa chini akapiga pushapu huku akimsubiri Jean Pascal, kisha akamnyang'anya ubingwa. Na bado akaja kumshinda bondia Beibut Shumenov akiwa na 49!

*Lakini Roy Jones alimzidi kipaji. Mbona alianguka ghafla? (Msomaji, Arusha)*

Alimzidi, tena alimshinda kwa pointi mwaka 1993. Tatizo ni kwamba ulinzi wa Jones ulikuwa kasi yake: mikono chini, kidevu wazi, anakwepa konde likiwa limeshafika. Machi 2003 alipanda uzito wa juu akamshinda John Ruiz, kisha akashuka tena. Mei 2004 Antonio Tarver akamlaza raundi ya pili. Kasi ilipopungua, hakuwa na ngao nyingine. Waliporudiana mwaka 2010, Hopkins alishinda.

*George Foreman je? (Msomaji, Bukavu)*

Huyo alirudi kileleni, hakukaa. Baada ya kipigo cha Ali pale Kinshasa 1974, aliacha ngumi 1977 akawa mhubiri miaka 10. Novemba 1994, akiwa na 45 na amevaa bukta ileile ya Kinshasa, alikuwa nyuma kwenye kadi za majaji wote watatu alipomlaza Michael Moorer raundi ya kumi.

*Nina miaka 34, ndiyo kwanza naanza ngumi. Nimechelewa? (Msomaji, Temeke)*

Kwa mkanda wa dunia, ndiyo. Kwa kitambi, hapana. Kapime macho na kichwa kwanza, halafu tafuta mwalimu anayefundisha kukwepa kabla ya kupiga.