Mwaka wa tatu nichague mkondo gani, HR, uhasibu au ununuzi?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni binti wa miaka 22 nasoma digrii ya usimamizi wa biashara chuo kimoja hapa Dodoma, nipo mwaka wa pili na tukifungua mwezi wa kumi kila mtu anatakiwa awe ameshachagua mkondo, yaani uhasibu na fedha, masoko, rasilimali watu (HR) au ununuzi na ugavi. Nimechanganyikiwa kabisa. Mjomba ambaye ndo analipa nusu ya ada anasema nichukue HR maana wizara zote zipo Mtumba na kila ofisi lazima iwe na HR. Rumeti wangu anasema bila uhasibu hakuna ajira. Mimi hesabu naziweza kiasi, uhasibu wa kwanza nilipata C, wa pili nikashika supu, yaani mtihani wa kurudia, ila nikaisafisha. Nyumbani ni Kibaigwa, mama ananunua mahindi kwa wakulima wa Kiteto anakuja kuuza pale sokoni, likizo zote mimi ndo nashika daftari la mzigo na kupatana na madereva wa fuso. Sitaki nikosee alafu nije kukaa nyumbani na cheti. Nishauri kama mwanao.

Binti wa Kibaigwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na kilichonishika sio HR wala uhasibu, ni hilo daftari la mzigo ambalo umelitaja kwa kupita tu. Ntalirudia.

Mjomba wako ana nia njema na hajasema uongo, tangu serikali itangaze kuhamia huku 2016 mji umejaa maofisi na Mtumba yote ni wizara. Ila angalia wanaingiaje humo. Wizara haichukui HR kwa sababu jengo liko karibu na kwenu, nafasi zinatangazwa kwenye potali ya ajira na anaomba mtu wa Kagera, wa Mtwara, wa kila mahali, mnakutana kwenye usaili wa mchujo. Mwaka 2025 TRA, mamlaka ya mapato, walitangaza nafasi 1,596 za kada mbalimbali, waombaji wakapita laki moja na elfu thelathini. Alafu ofisi moja yenye watumishi kibao inaendeshwa na maafisa utumishi wachache tu, hao wakishakaa wamekaa. Kuwa karibu na Mtumba kunakusaidia kuokoa nauli ya kwenda kwenye usaili, basi.

Rumeti naye ana ukweli wake. Uhasibu una bodi, NBAA, na mwenye CPA, yaani cheti cha juu cha uhasibu cha bodi hiyo, anaheshimika popote. Lakini digrii ya uhasibu bila CPA sa hivi ni nusu ya safari, na mitihani ile ya Mei na Novemba watu wanaifanya miaka wakiwa kazini na familia juu. Hiyo supu mimi haijanitisha, wapo waliopata supu na leo ni wakaguzi wazuri sana. Jiulize hivi, urari ukigoma kulingana saa nne usiku, unasikia hamu ya kuitafuta hiyo shilingi iliyopotea mpaka uipate, au unatamani kufunga daftari ukalale? Kama ni hilo la pili usijilazimishe kwa ajili ya maneno ya hosteli.

Masoko sitakaa sana. Ni kazi nzuri na inalipa kwa anayejua kuuza, ila mlango wake hauna kufuli, kampuni inaweza kumchukua hata aliyesoma ualimu ikampa kazi ya mauzo kama anaongea vizuri. Cheti chako hakitakukinga.

Sasa ununuzi na ugavi, na hapa nakwambia wazi kwamba ndo ninapokuelekeza. Kwanza kuna bodi yake, PSPTB, na kisheria huwezi kufanya kazi ya ununuzi na ugavi kama mtaalamu bila kusajiliwa nayo, kwa hiyo mlango una kufuli na wewe utakuwa na ufunguo. Pili, kila taasisi ya umma inatakiwa iwe na kitengo cha ununuzi, na taasisi ya umma sio wizara peke yake, ni halmashauri ya Kongwa, ni hospitali ya rufaa, ni mamlaka ya maji. Tatu, tangu 2023 tenda za serikali zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST, na sheria inataka asilimia 30 ya manunuzi iende kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, lakini nenda mtaani kawaulize hivyo vikundi ni wangapi wanajua kujaza maombi kwenye mfumo. Ukiujua vizuri huo mfumo una kazi hata kabla hujaajiriwa na mtu. Na Dodoma inajengwa, barabara ya mzunguko peke yake ni kilomita 112, kila mkandarasi anahitaji mtu wa kujua saruji imetoka wapi kwa bei gani na imefika mifuko mingapi.

Ndo nalirudia daftari lako. Wewe tayari unajua tofauti ya kununua kwa gunia na kununua kwa kilo, unaijua lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, inavyomuumiza mkulima, unajua mahindi yenye unyevu ukiyaweka stoo yataoza, unajua fuso ikichelewa Kiteto siku mbili bei ya sokoni imeshageuka. Hiyo ndo ugavi yenyewe, wenzako watakuja kuisoma kwenye slaidi na hawajawahi kushika mzani. Hapa sikusifii ili ufurahi, nakwambia utakapokuwa kwenye intavyuu wakakuuliza utafanyaje mzigo ukifika pungufu, wewe una la kusimulia.

Nikuonye na jambo moja ambalo lilinikuta mwenyewe. Kazi yangu ya kwanza nilikuwa stoo, sehemu ambayo sitaitaja, deliveri noti ikaja imeandikwa mifuko 600 ya saruji, nikahesabu mimi na kuli tukapata 540. Mkubwa wangu akaniambia saini tu dada, iliyobaki itakuja kesho. Nikakataa, na wiki iliyofuata nikahamishiwa mapokezi. Niliumia sana, nililia kabisa. Lakini mwaka haujaisha yule aliyesaini aliitwa kujieleza na karatasi ina jina lake. Ununuzi ndo mahali pesa inapopita na watakujaribu ukiwa bado mdogo wa kazi, kwa hiyo kama unajijua huwezi kumwambia mkubwa hapana, ni heri uchague HR.

Kabla hujajaza fomu nenda kwa mratibu wa kozi umuulize swali ambalo wanafunzi wengi hawaulizi, kwamba cheti changu kitaandikwaje? Matangazo ya kazi yanataka shahada ya ununuzi na ugavi au inayofanana nayo, sasa kama cheti kitaandikwa usimamizi wa biashara tu na mkondo haupo, unaweza ukachujwa kabla hata mtu hajaisoma barua yako. Ukishajibiwa, piga hatua ya pili, chukua orodha ya masomo ya huo mkondo uende nayo PSPTB uwaulize ukimaliza utaanzia ngazi ipi ya mitihani yao. Na fildi, yaani mafunzo ya vitendo, usiende kukaa mapokezi kupiga kopi, omba stoo au kitengo cha ununuzi, ng'ang'ania mpaka wakuoneshe tenda inavyopandishwa kwenye NeST mwanzo mpaka mwisho.

Mjomba usimkwepe. Anatoa ada, ana haki ya kusikia. Printi matangazo matatu manne ya kazi, nenda Jumapili ukae naye uyasome pamoja naye.

SWALI: Anti habari. Nina miaka 31, nina stashahada ya uhasibu na nashika vitabu kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti hapa Singida. Bosi anasema atanisaidia ada nikisoma digrii ila ya masoko kwa sababu anataka mafuta yafike Mwanza. Nikubali?

Baba Neema

JIBU: Salama kaka yangu. Mshukuru sana bosi, mabosi wa hivyo ni wachache, ila muombe akubadilishie iwe digrii ya uhasibu. Mauzo yanayotozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yakipita milioni 200 kwa mwaka anatakiwa kusajiliwa, ritani (taarifa ya kodi) kila mwezi, na akichelewesha faini ni yake. Mtu wa kupeleka mafuta Mwanza atampata, mtu anayejua vitabu vyake hatampata kirahisi. Mwambie hivyo kwa heshima, na uende na hesabu za mwaka jana mkononi umuoneshe kodi ilikula kiasi gani na ni wapi mngeweza kujipanga mapema.